TUWAPE WANAFUNZI CHUMBA CHETU

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wa tawi letu uliopita paliletwa ombi. Vijana wa chuo walitaka tuwaazime chumba chetu cha mkutano kila Jumamosi jioni, wapate kukaa pamoja na kufundishana namna ya kudai haki bila fujo. Ombi lile halikupata jibu. Mzee mmoja ambaye sote tunamheshimu, aliyetumikia reli miaka mingi kuliko sisi wengi, alisimama akasema: "Mwanafunzi hana kazi ya kupoteza. Akishindwa leo, kesho anarudi kwa baba yake kula. Sisi tukishindwa, watoto wetu wanalala njaa. Chama hiki ni cha mishahara, si cha watoto wa shule." Watu wengi walipiga makofi, na Mwenyekiti akaliahirisha jambo hili mpaka mkutano ujao.

Mimi siku ile nilinyamaza. Nilirudi nyumbani nikajiona mjinga, kwa maana jibu nilikuwa nalo, ila sikuwa na ulimi wa kulisema mbele ya watu. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika karatasi yetu hii niliandike. Sitasema kwamba Mzee amekosa. Nasema ametuambia nusu ya kweli. Nusu iliyobaki nitaitafuta kwa watu weusi wa Marekani, kwa sababu wao waliipita njia hii yote, na sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa ya reli.

Mwaka 1890 jimbo la Louisiana lilitunga sheria kwamba watu weusi na watu weupe wasiketi katika behewa moja. Tarehe 7 Juni 1892, fundi viatu mmoja wa mji wa New Orleans aitwaye Homer Plessy alikata tikiti ya daraja la kwanza, akapanda gari, akaketi katika behewa la Wazungu, akakataa kutoka. Akakamatwa. Jambo hili halikuwa la bahati. Kamati ya watu wa mji ilikuwa imelipanga mapema ili sheria ile ipelekwe kortini. Mwaka 1896 Korti Kubwa ya Marekani ilitoa hukumu. Majaji saba walisema sheria ni halali, mmoja peke yake akakataa. Wale saba walisema kwamba kutenganisha watu si kosa mradi kila upande upate vitu vilivyo sawa.

Sisi watu wa reli hatuhitaji mwanasheria kutuonyesha ubovu wa maneno hayo. Katika reli yetu wenyewe, kabla ya Uhuru wa 1963, daraja la kwanza kwa desturi lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu la Waafrika. Wazee waliosafiri nyakati hizo wanajua kama mbao za daraja la tatu zilikuwa sawa na mito ya daraja la kwanza. Basi huko Marekani hukumu ile ya behewa moja ilitambaa ikafunika shule, hospitali, mabasi, vyoo, mabomba ya maji na meza za chakula. Korti ile ile haikuivunja kwa upande wa shule mpaka mwaka 1954, yaani baada ya miaka 58.

Sasa nisikilizeni juu ya wafanyakazi. Katika treni za Marekani yalikuwako mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Watumishi wa mabehewa hayo walikuwa watu weusi. Walitandika vitanda, walibeba mizigo, walipiga viatu rangi usiku abiria wakiwa wamelala. Mshahara ulikuwa mdogo, wakategemea bakshishi. Abiria wengi hawakujali kuuliza jina la mtu. Waliwaita wote "George", kwa jina la mwenye kampuni, kama vile kwetu mtu mwenye mvi alivyoitwa "boi".

Mwaka 1925 watumishi hao waliunda chama chao. Nani walimfanya kiongozi? Walimchagua A. Philip Randolph, mtu aliyekuwa mhariri wa gazeti, ambaye hakupata kutandika kitanda hata kimoja katika treni. Na walimchagua kwa akili. Mtumishi aliyesimama kusema aliweza kufukuzwa kazi. Lakini Randolph kampuni haikuweza kumfukuza, kwa sababu hakuwa mtu wake. Ilichukua miaka 12. Mwaka 1937 kampuni ilitia sahihi mapatano na chama kile.

Hapo ndipo ninapoanza kumjibu Mzee. Anasema mwanafunzi hana kazi ya kupoteza. Ni kweli. Lakini watu wa reli wa Marekani waliona zamani kwamba mtu ambaye tajiri hawezi kumnyima mkate ana faida yake. Hatumdharau kwa sababu hiyo. Tunamweka mbele, nasi tunasimama nyuma yake.

Chama kile hakikuishia kwenye mishahara tu. Mwaka 1955, katika mji wa Montgomery, kiongozi wa tawi la watumishi wa mabehewa alikuwa E. D. Nixon. Tarehe 1 Desemba mwaka huo mama mmoja mshonaji, Rosa Parks, alikataa kumwachia Mzungu kiti ndani ya basi, akatiwa mbaroni. Nixon ndiye aliyekwenda kumtoa kwa dhamana, na Nixon ndiye aliyeanza kuwapigia simu wachungaji, akiwamo kijana Martin Luther King, kwamba watu waache kupanda mabasi. Waliacha kwa siku 381. Wapishi, mayaya, madobi na vibarua walikwenda kazini kwa miguu mwaka mzima na zaidi. Mama Parks alipoteza kazi yake. Tarehe 21 Desemba 1956 walipanda mabasi tena, wakaketi walipotaka.

Kwa hiyo msiambiwe kwamba wanafunzi ndio walioanza. Waliotangulia walikuwa wafanyakazi, na wanafunzi waliukuta moto umekwisha kuwashwa. Lakini baada ya Montgomery mambo yalikwenda polepole. Hukumu za korti zilikuwako katika karatasi, na mtu mweusi bado aliweza kununua sabuni dukani asiruhusiwe kuketi kunywa kahawa katika duka lile lile.

Jumatatu, tarehe 1 Februari 1960, vijana wanne wa chuo cha watu weusi mjini Greensboro, katika jimbo la North Carolina, waliingia duka la Woolworth. Majina yao ni Ezell Blair, David Richmond, Franklin McCain na Joseph McNeil. Kwanza walinunua vitu vidogo kama dawa ya meno, wakatunza risiti. Kisha waliketi kwenye kaunta ya chakula wakaomba kahawa. Wakaambiwa watu weusi hawahudumiwi hapo. Wao wakajibu kwa adabu kwamba wamekwisha kuhudumiwa katika duka hili hili, na risiti hizi hapa. Hawakupewa kahawa. Walikaa mpaka duka likafungwa. Kesho yake walirudi na wenzao zaidi ya ishirini, na kufika Jumamosi mamia ya watu walikuwa wamejaa humo ndani.

Lakini kuna jambo moja la siku ile ya kwanza ambalo husahauliwa katika hotuba, nalo linamhusu Mzee wetu. Nyuma ya kaunta alikuwako mwanamke mweusi aliyefanya kazi hapo. Alipowaona vijana wale wameketi aliwakemea. Aliwaambia kwamba wanafanya upuuzi, na kwamba watu kama wao ndio wanaowarudisha nyuma weusi wenzao. Mimi simlaumu mama yule. Vijana wangerudi bwenini jioni; yeye angerudi kazini asubuhi, mbele ya bwana yule yule, na kodi ya nyumba inamngoja. Maneno yake ni ndugu wa maneno ya Mzee. Ni maneno ya mtu mwenye mzigo kichwani ambaye anamwona mwingine anacheza njiani.

Sasa tazameni mwisho wake. Duka lile lilipata hasara miezi mitano na zaidi, na tarehe 25 Julai 1960 lilikubali kuwahudumia watu wote. Je, watu weusi wa kwanza kupewa chakula kwenye kaunta ile walikuwa wanafunzi? Hapana. Walikuwa wafanyakazi weusi wa duka lenyewe. Waliambiwa wavue nguo za kazi, wavae zao nzuri, wakaketi upande wa wateja, wakala chakula kilekile walichokuwa wakikipika kila siku. Ndugu zangu, nilipolijua jambo hili niliweka kitabu chini nikakaa kimya. Vijana wale waligombania kikombe cha kahawa, na aliyekalia kiti kwanza akawa mpishi.

Mzee anauliza, "Sisi tunapata nini?" Jibu ni hilo.

Pengine mtu atasema: mambo ya vijana yanaanza vizuri, halafu mawe yanarushwa, vioo vinavunjwa, na sisi tunalaumiwa. Hofu hiyo ni ya haki, nami ninayo. Kwa hiyo tuangalie mji mwingine, Nashville, katika jimbo la Tennessee. Huko kulikuwa na mwanafunzi wa dini, James Lawson, ambaye aliwahi kufungwa kwa kukataa kwenda jeshini, kisha akaishi India na kujifunza njia ya Gandhi. Kabla vijana hawajakwenda dukani hata mara moja, Lawson aliwakusanya jioni nyingi katika kanisa. Walifanya mazoezi kama vile sisi tunavyofundishwa ishara za njia kabla ya kupewa bendera. Wengine walijifanya Wazungu wabaya: waliwatukana wenzao, waliwavuta kutoka kwenye viti, waliwapulizia moshi wa sigara usoni. Wengine walijifunza kuketi na kutojibu. Aliyeona hawezi kuzuia mkono wake aliambiwa afanye kazi nyingine, kwa maana kazi zilikuwa nyingi. Kisha kanuni zao ziliandikwa katika karatasi, kila mmoja akapewa: usirudishe pigo, usirudishe tusi, keti wima na kutazama kaunta, uwe na adabu kwa kila mtu, usiondoke mpaka kiongozi wako akuruhusu.

Tarehe 27 Februari 1960 walipigwa na kuchomwa kwa sigara dukani. Polisi walipofika waliwakamata wanafunzi 81. Kila wimbi lilipochukuliwa, wengine waliingia wakakalia viti vile vile. Kortini waliambiwa walipe faini. Wengi wakachagua kifungo. Lawson alifukuzwa chuoni. Wakati huo wazazi wao, ambao hawakuweza kuketi kwenye kaunta kwa kuogopa kufukuzwa kazi, walifanya kitu walichokiweza: waliacha kununua katika maduka ya mjini. Pasaka ilifika, wakati wa kununua nguo mpya, na maduka hayakuwaona. Tarehe 19 Aprili nyumba ya mwanasheria wa wanafunzi, Bwana Looby, ilipigwa bomu. Siku ile ile maelfu ya watu walitembea kimya mpaka ofisi ya Meya. Binti mmoja mwanafunzi, Diane Nash, alimwuliza Meya mbele ya wote kama yeye mwenyewe anaona ni haki kumbagua mtu kwa rangi yake. Meya Ben West alijibu kwamba si haki. Tarehe 10 Mei maduka sita yalifungua kaunta zao kwa watu wote.

Katika hayo yote naomba mtazame kitu kimoja kidogo, yaani chumba. Kama pasingalikuwako mtu mzima mwenye ufunguo wa kanisa, akakubali kuutoa, vijana wale wangefundishiwa wapi? Wangekutana barabarani, na barabarani anayesikika ni mwenye sauti kubwa. Chumbani hata mwenye sauti ndogo husikika, na mwenye hasira hupata nafasi ya kupoa kabla ya kutoka. Mtu anayeogopa mawe ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kutoa chumba. Kijana ambaye hana pa kukaa na kufikiri, tusishangae akifikiri kwa mikono.

Tena, deni hili lililipwa. Tarehe 1 Februari 1968, miaka minane kamili baada ya siku ile ya Greensboro, wazoa taka wawili weusi wa mji wa Memphis, Echol Cole na Robert Walker, walisagwa na mashine ya gari la taka walipokuwa wamejikinga mvua humo. Tarehe 12 Februari wafanyakazi wapatao 1,300 waligoma. Halmashauri ya mji ilikataa kukitambua chama chao. Nani alisimama kuongoza kamati ya wachungaji waliowasaidia? Alikuwa James Lawson yule yule, ambaye sasa alikuwa mchungaji Memphis. Ndiye aliyemwita Martin Luther King aje, na King aliuawa huko tarehe 4 Aprili 1968 akiwa katika shughuli ya wafanyakazi wa taka. Tarehe 16 Aprili mji ulikubali, chama kikatambuliwa, mshahara ukaongezwa. Mwalimu wa wanafunzi aliisha kuwa mtetezi wa wazoa taka. Aliyewapa vijana nafasi mwaka 1960 hakujua kwamba alikuwa anaweka akiba ya mwaka 1968.

Nasi Kenya hatukuwa mbali na hayo. Mwaka 1959 Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vyetu vya wafanyakazi, alizunguka Marekani kuomba nafasi za masomo. Huko Atlanta alionana na King. Mwezi wa Septemba mwaka huo ndege ya kwanza iliwachukua wanafunzi 81 wa Kiafrika. Miongoni mwa waliosaidia kutafuta nauli zao walikuwa watu weusi wa Marekani wenye sifa, kama Jackie Robinson mchezaji na Harry Belafonte mwimbaji. Baadhi ya vijana wetu walisoma katika vyuo vya watu weusi. Mboya hakusema kwamba mambo ya shule si ya chama cha wafanyakazi. Alijua kwamba mtoto wa karani na mtoto wa kuli ndio hao watakaopanda ndege. Hata leo, wanafunzi walioleta ombi lile si watu wa kutoka mwezini. Wengine ni watoto wa nyumba zetu hizi, na karo yao imetoka katika mshahara ule ule tunaougombania.

Basi mimi naleta shauri hili kwa mkutano ujao, na kila mwanachama alipime.

Kwanza, tuwape chumba Jumamosi jioni kwa miezi mitatu, kisha tutazame matunda yake. Chumba ni cha chama, na kodi yake tunailipa sisi wenyewe kwa michango yetu. Hatuhitaji ruhusa ya ofisi ya mtu yeyote.

Pili, wanachama wawili watu wazima wawepo kila mara. Wasiende kuwatawala, bali kuwafundisha tunayoyajua: kuendesha mkutano, kuandika kumbukumbu, kuhesabu pesa mbele ya macho ya watu, na kusubiri. Kusubiri ndiyo elimu kubwa ya chama, na vijana hawana.

Tatu, waandike kanuni zao wenyewe, zibandikwe mlangoni. Atakayezivunja kwa kupiga au kuharibu, asiingie tena. Wakiwa hawataki kanuni, chumba hatuwapi, na hapo mimi nitakuwa upande wa Mzee.

Nne, wao nao watulipe kwa kitu walicho nacho. Wanachama wetu wengi hutia sahihi barua wasizozielewa. Wanafunzi wakae nasi saa moja kila Jumamosi watusomee mikataba na barua za ofisi, neno kwa neno, mpaka zieleweke.

Najua kuna hatari. Huenda bwana mmoja akasikia akakasirika. Huenda kijana mmoja akatuaibisha. Watumishi wa Pullman nao walikuwa na hatari kubwa kuliko hiyo, na mama wa kaunta pia. Sisemi tujitie katika moto. Hatuambiwi hata tugome, wala tuache kazi dakika moja. Tunaombwa ufunguo.

Mzee wetu nitamwomba jambo moja kwa heshima. Nitamwomba awe mmoja wa wale watu wazima wawili. Yeye anajua kwa nini mtu mwenye watoto huogopa, na hilo ndilo somo ambalo wanafunzi hawatalipata chuoni. Wakijua hofu yake hawatatudharau, na yeye akiona adabu yao huenda asiwaite tena watoto. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwenyekiti atakapouliza wanaokubali, safari hii sitanyamaza. Nitainua mkono wangu, hata nikiwa peke yangu.

Mimi ndugu yenu,
Mfanyakazi wa Reli